Foleni Iko Ndani ya Nyumba

Mama mmoja wa Mtongwe alikuwa kwenye benchi la zahanati tangu saa mbili asubuhi, mtoto amemlaza mapajani, kadi ya kliniki ameishika mpaka imelowa jasho. Saa nne kasorobo aliinuka akaja dirishani. Hakufoka. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza mara tatu: "Mwanangu, bado?" Dada wa mapokezi akamjibu, macho yake yangali kwenye kioo: "Bado, mama, tuvumilie. Mtandao uko chini."

Mimi nilikuwa chini ya meza ya yule dada, nimepiga magoti, tochi nimeing'ata kwa meno, nafuata waya wa buluu uliopita nyuma ya kabati. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu dakika tano kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kupima, na nilijua kwamba mtandao haukuwa chini. Kilichokuwa kinamweka yule mama pale kilikuwa ndani ya jengo hilohilo, hatua ishirini kutoka kwenye benchi lake.

Toka kivukoni Likoni upande hadi Shika Adabu, uingie kila ofisi iliyo njiani, iwe ya shule, ya chama cha akiba na mikopo, ya wakala wa forodha au ya duka la vifaa vya ujenzi, utaambiwa vivyo hivyo. Mtandao uko chini. Sistimu inasumbua. Limekuwa jibu la mwisho, na hakuna anayemuuliza msemaji: umejuaje? Likishatamkwa, dawa huwa mbili tu. Ama kampuni ya intaneti ipigiwe simu ofisi iongezewe kasi, ama mkubwa aombwe anunue kompyuta mpya. Naandika kulikataa jibu hilo pamoja na dawa zake zote mbili. Nimetengeneza mitandao ya ofisi ndogondogo upande huu wa kivuko kwa miaka ya kutosha kusema bila kutafuna maneno: mara nyingi sana kompyuta za ofisi zikizorota, ugonjwa uko ndani ya kuta nne, na pesa ya dawa inapelekwa nje.

Nakiri kwamba imani hii haikuzuka hivihivi. Mpaka katikati ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Swali lilitoka Mombasa likapanda, likashuka, jibu nalo likapanda na kushuka, na nusu sekunde hivi ikawa imekwisha kabla mashine ya upande wa pili haijafanya lolote la maana. Aliyesema enzi hizo kwamba mtandao ni mzito alisema kweli. Kisha nyaya za baharini zikaja, na zikaja hapahapa kwetu. TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah mwezi Juni 2009, SEACOM ikawashwa Julai ya mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010 na LION2 mwaka 2012. Sisi wa Mombasa tunakaa mlangoni pa intaneti, wenzetu wa bara wanapitishiwa kwetu.

Na ni kweli mlango huo huweza kufungwa. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliangusha nanga mahali pasiporuhusiwa ikaukata waya wa TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, tukaona taabu kwa siku kadhaa. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia, na hata mwenye kompyuta ya bei kubwa kupita zote hakupata huduma. Siku za namna hiyo fundi wa Likoni hana la kufanya ila kungoja kama wengine. Lakini zihesabu siku hizo. Ofisi inayozorota kila asubuhi, saa zilezile, wiki nenda wiki rudi, haiwezi kuisingizia nanga ya meli. Nanga haina ratiba.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba siku ile nilikuwa zahanatini, kwa watu wenye nidhamu ambayo kompyuta zao hazijawahi kuonjeshwa. Zamani mtoto akiletwa na homa alipewa dawa ya malaria palepale, kwa kuwa kila homa ilidhaniwa kuwa malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Muuguzi wa zahanati ile hatoi dawa ya malaria kabla hajamdunga mtoto kidole na kuusubiri mstari utokee kwenye kipimo. Anajua homa ni dalili, na chini ya dalili moja wanaweza kujificha wagonjwa kumi wenye maradhi kumi tofauti. Uzito wa kompyuta nao ni dalili. Lakini muuguzi huyohuyo akikigeukia kioo cha kompyuta anatibu bila kupima, na wakubwa wake wanatia saini hundi bila kupima.

Kipimo chenyewe hakiuzwi. Kimo ndani ya kila kompyuta ya Windows. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika ping, kisha anwani ya ruta iliyo hapohapo ofisini. Mashine inarusha pakiti ndogo, ruta inairudisha, na unaonyeshwa safari hiyo imechukua milisekunde ngapi. Kwa waya, ndani ya ofisi, jibu la afya ni milisekunde 1 au pungufu. Ukilipata mara mia mfululizo bila pakiti hata moja kupotea, basi waya, swichi na ruta vimeitika. Baada ya hapo unaiita anwani ya nje. Kando yake unafungua Task Manager na kutazama vitu vinne: prosesa, kumbukumbu, diski, mtandao. Kipi kimejaa? Dakika kumi hazijaisha, na tayari unajua mambo ambayo mwenye ofisi hajayajua kwa mwaka mzima.

Siku ile ruta ilijibu chini ya milisekunde 1. Anwani ya nje ilijibu kwa 940, kisha 1,120, kisha 870. Mwenye haraka angesema: si unaona, shida iko nje. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo simu inapopigwa kwa kampuni. Mimi niliomba ruhusa ya dakika tano, nikachomoa nyaya zote kwenye swichi, nikaiacha laptopu yangu peke yake kwenye ruta, nikapima tena. Milisekunde 38. Njia ileile, kampuni ileile, kifurushi kilekile. Nikaanza kuzirudisha nyaya moja moja. Wa kwanza, 39. Wa pili, 38. Uliporudi wa saba, namba ikapaa hadi 900.

Waya wa saba ulikwenda stoo, kwenye kompyuta ambayo hakuna mtu aliyeikalia. Fundi aliyenitangulia aliiwekea programu ya kunakili mafaili yote ya ofisi pamoja na picha za kamera za ulinzi na kuzituma kwenye hifadhi ya mbali. Wazo zuri. Ila usiku umeme huzimwa ili kuokoa tokeni, kwa hiyo kazi iliyopangwa kufanyika saa nane za usiku ilikuwa ikianza pale swichi ya ukutani inapowashwa, yaani saa mbili asubuhi, wakati benchi limejaa. Ikifika saa nne na nusu hivi ilikuwa ikimalizika, kompyuta zote zinachangamka, na watu wanasema kwa furaha: mtandao umerudi. Ulikuwa haujaenda popote.

Mtu wa Likoni haelezwi foleni ni nini. Basi na aitazame ruta kama gati. Mikokoteni ishirini ya saruji imetangulia kwenye mteremko, wasukumaji wamekaza misuli isije ikawaponyoka, na nyuma yao kuna mtu mmoja mwenye barua mkononi. Barua haina uzito. Yule mtu angepita ubavuni na kuvuka bila kumchelewesha yeyote. Lakini mlango ni mmoja na utaratibu ni wa aliyetangulia, kwa hiyo atasimama hadi mkokoteni wa mwisho upakiwe. Ombi la dada wa mapokezi, jina na namba ya mgonjwa, ndiyo barua ile. Picha za kamera ndizo saruji.

Njia ya intaneti ya zahanati ile ilikuwa na megabiti 5 kwa sekunde za kupeleka mzigo nje. Ndani ya ruta mna nafasi ya kusubiria, na kwa kuwa kumbukumbu imekuwa rahisi, watengenezaji wa ruta wameipanua nafasi hiyo kupita kiasi. Piga hesabu mwenyewe: kilobaiti 600 zikikaa mbele yako kwenye njia ya megabiti 5, unangoja karibu sekunde nzima ndipo pakiti yako ndogo ipate zamu. Mhandisi wa Marekani Jim Gettys aliukuta ugonjwa huu mwaka 2010 alipokuwa akihamisha mafaili nyumbani kwake, akautangaza kwa jina lenye maana ya ghala lililovimba. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kuutibu: ruta isiiache foleni ikae ndefu, ianze kudondosha pakiti mapema ili mwenye mzigo mkubwa apunguze mwendo. Tiba hiyo imo ndani ya ruta nyingi za leo, na zinazokaa ofisini bila kuwashwa tiba hiyo siwezi kuzihesabu.

Huyo Van Jacobson ana kisa ambacho ningependa kila mwenye ofisi akijue. Oktoba 1986 njia ya mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley ilianguka ghafla kutoka kasi ya biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arubaini tu. Kasi iligawanyika mara 800. Na majengo hayo yalitengana kwa yadi 400, yaani mita kama 365, pungufu ya kivuko chetu ambacho upana wake ni nusu kilomita hivi. Hapakuwa na nanga wala papa wa kulaumiwa. Kompyuta zenyewe zilikuwa zikituma, zikikosa jibu upesi zinatuma tena, na kila kurudia kukaongeza foleni, na foleni ikazidisha kurudia. Mwaka 1988 Jacobson na Michael Karels wakachapisha dawa yao, ambayo kiini chake ni kuzifunza mashine adabu ya foleni: anza taratibu, ukiona pakiti zinapotea punguza, njia ikitulia ongeza kidogokidogo. Waya haukupanuliwa hata uzi mmoja. Mtandao wa dunia nzima ulinusurika kwa kupimwa na kueleweka, na kila laptopu iliyoko Likoni leo inatembea kwa kanuni zilizotokana na kazi ile.

Nitaambiwa: hayo ni ya wasomi, wewe ongeza kifurushi tu, njia ikiwa pana msongamano utaisha wenyewe. Zahanati ile ilikuwa imeongeza mara mbili. Mara zote mbili kilichoongezeka ni kasi ya kushusha. Kasi ya kupakia, ambako saruji ilikuwa imekwama, ilibaki palepale. Mkataba ulisema hivyo waziwazi kwenye ukurasa wa pili, na hakuna aliyeusoma. Walinunua barabara pana ya kuja Likoni, na taabu yao ilikuwa ya kutoka.

Hata hiyo namba kubwa inayoandikwa kwenye tangazo, wateja wengi hawaambiwi ni ya nini. Ni megabiti. Mafaili yako yanapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Njia ya megabiti 20 ikikupa megabaiti 2.5 kwa sekunde haijakuibia. Nimeshuhudia ugomvi mkubwa kati ya mwenye ofisi na kampuni yake kwa jambo hili tu, na aliyekuwa na kosa alikuwa yule aliyeuza bila kueleza.

Tena kasi ya njia si kitu kile kile na muda wa safari. Mtu akienda Marikiti kununua vitu thelathini, akavuka akanunua chumvi, akarudi nyumbani Likoni kuiweka, akavuka tena kufuata bizari, akarudi, akavuka kufuata tui, utampa feri kubwa kiasi gani ili awahi kupika? Programu nyingi za ofisini zimeandikwa namna hiyo. Zinauliza jina, zinangoja, zinauliza umri, zinangoja, zinauliza malipo. Safari 30 za milisekunde 40 ni sekunde 1.2, mtu hahisi. Safari 30 za milisekunde 1,000 ni nusu dakika kwa kila ukurasa, na mgonjwa mmoja ana kurasa tano. Hapo ndipo asubuhi ya yule mama wa Mtongwe ilipoliwa.

Sasa twende kwenye waya, maana ofisi za pwani zina adui ambaye wauzaji wa Nairobi hawamfikirii. Hewa yetu ina chumvi. Kichwa cha waya kilichopakwa dhahabu nyembamba, kama vilivyo vile vya bei ya chini, kikikaa miaka mitatu karibu na dirisha linalotazama bahari, kinaota kutu ya kijani. Nimekichomoa kimoja katika ofisi moja ya Bofu, nikakiweka kwenye kiganja, na vile vijino vinane vya shaba vilikuwa kama vimepakwa ukungu. Waya haukatiki. Unaendelea kufanya kazi, na taa ya kijani kwenye swichi inawaka kama kawaida. Ila pakiti moja inapotea hapa, nyingine pale. Watu hudhani pakiti 1 ikipotea kati ya 100 ni hasara ya asilimia moja. Sivyo. Kanuni ile ya adabu hudhani kupotea ni dalili ya msongamano, kwa hiyo mtumaji hupunguza mwendo. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake waliandika kanuni ya kukokotoa jambo hili. Ukiitumia kwa safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 150, na pakiti 1 inapotea kati ya kila 100, utaona mawasiliano hayo hayavuki megabiti 1 kwa sekunde hivi. Nunua njia ya megabiti 100, nunua ya 500, utabaki palepale kwenye 1. Kichwa kipya cha waya ni bei ya vikombe vichache vya kahawa. Nilikikata, nikabana kingine, na ofisi ile ikaacha kulalamika. Walikuwa wameshaletewa barua ya kuongezewa kasi, bado kutia saini.

Dawa ya pili, ile ya kununua kompyuta mpya, inaniudhi zaidi kwa sababu huwa inakwenda pamoja na kumdhalilisha mtu. Kuna mzee wa hesabu katika ofisi moja ya Timbwani, mtu makini, vitabu vyake havijawahi kukosea senti. Kompyuta yake ilikuwa ikichukua dakika sita kuwaka. Ofisi nzima ilikuwa na maelezo mawili: mashine ni ya mtumba, na mzee hajui kompyuta. Nilipoketi kwenye kiti chake alisimama pembeni, mikono nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wanasema mzito ni mimi." Nikafungua Task Manager. Mtandao sifuri. Prosesa inapumzika. Diski, asilimia 100, na imeng'ang'ania hapo dakika nzima bila kushuka. Nikamwita asome mwenyewe. "Si wewe, mzee. Ni diski."

Ilikuwa diski ya sahani, ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika. Diski ya namna hiyo, ikiulizwa vitu vidogovidogo vilivyotawanyika, hujibu kama mara mia moja hivi kwa sekunde, kwa sababu kuna mkono unaokwenda na kurudi kutafuta. Hii ilikuwa imeanza pia kuwa na sehemu mbovu, kila ikifika hapo inarudia kusoma na kurudia. SSD haina mkono wala sahani, na hujibu maelfu kwa maelfu. Tulimwekea SSD, tukamwongezea kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8, tukaondoa moja ya programu mbili za kuzuia virusi zilizokuwa zikichunguza kila faili kwa zamu. Mashine ileile ya mtumba inawaka kabla mzee hajamaliza kuvaa miwani yake. Kompyuta mpya tatu zilizokuwa kwenye bajeti hazikununuliwa. Na nasema hadharani: kijana wa ofisi ile aliyekuwa akimcheka mzee anamdai mzee radhi.

Siku hizi wauzaji wamepata sababu mpya. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Kuhama kwa ajili ya usalama ni sababu ya kweli, na naishauri kila ofisi inayoshika habari za wagonjwa au pesa za watu isiipuuze. Lakini usiuziwe usalama ukidhani umenunua kasi. Mashine mpya ikichomekwa kwenye waya wenye kutu, au nyuma ya mikokoteni ya saruji, itasimama kwenye foleni ileile.

Kuna na ile dawa isiyo na gharama inayopendwa kuliko zote, ya zima uwashe. Sisemi haifanyi kazi. Mara nyingi inafanya, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa kuwa inafuta ushahidi. Ruta iliyozimwa imesahau kila ilichokuwa imekiandika, nani alikuwa anavuta kiasi gani na saa ngapi. Kesho ugonjwa unarudi na hatuna tulichojifunza. Tena tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukiizima kompyuta kwa kawaida, kiini cha mfumo hakizimwi kabisa. Kinahifadhiwa kwenye diski na kuamshwa asubuhi kama kilivyokuwa. Nimekuta mashine inayozimwa kila jioni, na Task Manager inasema imekuwa macho siku 23. Ukitaka ianze upya kweli, chagua kuiwasha upya, usichague kuizima. Nimewahi kuyasema haya kwenye ofisi yenye watu kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambiwa kabla.

Sababu nyingine ya uzito naitaja kwa kupita tu kwa sababu inatibiwa kwa dakika moja. Kila unapoandika jina la tovuti, kompyuta inaiuliza seva ya majina namba yake. Ofisi nyingi zimebaki na anwani ya seva iliyong'olewa zamani ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Mashine inaibishia hodi, inangoja, haijibiwi, ndipo inakwenda kwa ya pili. Kila mlango mpya ni kungoja upya. Ukipima kasi unaiona nzuri kabisa, na bado kila kitu kinakokota miguu. Badilisha anwani hiyo moja, kwisha.

Wenye ofisi wananijibu kwamba wao si mafundi na hawana muda. Muda wanao; wanautumia kungoja. Watu wanane wakipoteza saa mbili kila asubuhi, siku tano, ni saa 80 kwa wiki, na hapo sijawahesabu walioketi kwenye benchi, ambao hakuna anayewalipa mshahara wa kungoja. Mwanamke wa kibarua akichelewa kutoka kliniki amekosa kazi ya siku hiyo. Anarudi Mtongwe kwa miguu.

Lawama nyingine ni yetu mafundi, na siwezi kuikwepa. Tumewazoesha wateja kulipia kifaa. Ukimwekea mtu ruta mpya anatoa pesa bila swali, kwa kuwa ana kitu cha kushika. Ukikaa saa moja unapima, ukachomoa waya mmoja na kubadili saa ya kazi moja, anakuuliza: sasa nakulipia nini? Wengi wetu tumechoka kubishana, tukaona heri kuuza. Kwa hiyo ruta nzima zinatupwa, swichi zinabadilishwa, na ugonjwa unabaki unamsubiri fundi anayefuata. Mwenye ofisi anapotaka kumjua fundi wake, atazame kitu cha kwanza anachotoa kwenye mkoba. Akitoa orodha ya bei kabla ya kupima, ampe chai, amuage.

Pale zahanatini niliifunga ile kazi ya stoo isivuke megabiti 2, nikaihamishia saa saba mchana, wakati watu wameenda kuswali na kula. Kisha nilimnunulia dada wa mapokezi daftari la kurasa 96, nikamchorea safu tatu: saa, ruta, nje. Nikamwonyesha dirisha jeusi na amri mbili za kuandika. Alidhani ni kazi ngumu. Siku ya pili alikuwa akiandika huku anasalimiana na watu.

Wiki ya tatu alinipigia simu saa tatu kasoro. "Kaka, ruta iko chini ya moja. Nje ni 410. Nimechomoa ile ya stoo, bado 410. Nimeacha mashine moja tu, bado 410. Hii si yetu, sivyo?"

Haikuwa yao. Nikamwambia apigie kampuni na awasomee namba alivyonisomea mimi, mojamoja, pamoja na saa. Akawasomea. Hawakumwambia azime awashe. Walimwambia kuna hitilafu upande wao na itachukua mpaka saa sita. Akatoka nje ya dirisha lake, akasimama mbele ya benchi, akawaeleza: "Mama zangu, leo tatizo ni la kampuni, mpaka saa sita. Nitawaandika kwa kalamu, daktari awaone, mimi nitaingiza kwenye kompyuta mchana." Akafungua daftari ukurasa wa nyuma, akamwanza aliyekuwa karibu naye.

"Jina la mtoto?"